Mwalimu wa Kidole Kimoja

Nitamwita Mwalimu, kwa sababu ndivyo alivyopenda kuitwa, na kwa sababu sioni faida ya kuandika jina lake. Waliomjua hapa Marekani, Louisville, Columbus au Buffalo, watamtambua mapema. Wasiomjua hawajapoteza kitu.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa kuendesha foklifti kwenye ghala moja la Jeffersontown, kando ya Louisville. Kazi yake ya moyoni ilikuwa kuwafundisha watu wetu kufyatua bastola bila kuutikisa mtutu. Kulenga hakukuwa na maana kwake, alisema hata mtoto analenga. Yeye alifundisha kidole. Alikiinua kidole cha shahada juu kama mhubiri, akakitazama yeye mwenyewe kwanza, akaridhika nacho, halafu ndipo akatugeukia.

"Bon, bamama. Bunduki yote ni hii tu. Ingine yote ni chuma."

Aliingia nyumbani kwangu akinuka manukato mpaka mchuzi ukabadilika ladha. Alivaa miwani myeusi ndani ya nyumba. Suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi ulionyooka hivi kwamba alipokaa aliushika kwa vidole viwili usivunjike. Hakuwasalimia wajukuu wangu. Aliwapita kama viti. Mtu asiyesalimia watoto mimi simhesabu, hata akija na Biblia kwapani, na yeye alikuja nayo.

Lazima nieleze alifikaje kwangu, maana mimi sikumwita.

Binti yangu Neema anahudumia wazee wa Kimarekani majumbani mwao. Anawaogesha, anawalisha, anawapa dawa, na inabidi afike kabla hawajaamka. Asubuhi moja mtu alimngojea kwenye maegesho ya nyumba zetu pale Newburg, akampiga usoni, akachukua mkoba na ufunguo wa gari. Neema alirudi ndani na kiatu kimoja. Uso ulipopona, akaenda dukani akanunua bastola.

Nilimwambia yote niliyokuwa nayo. Nilimwambia tulitoka Kivu kwa miguu kwa sababu ya hizo hizo. Nilimwambia miaka ya kambini Kigoma tulilala kwenye hema, lakini hatukulala na chuma. Nikamwuliza, leo umenipandisha ndege, umenivusha bahari, kisha unakiingiza chuma hicho hicho kupitia mlangoni, ndani ya mfuko wa karatasi kama mkate?

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, weye ulikimbia. Mimi nitakimbilia wapi?"

Nilienda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Basi akaanza kwenda renji, pale wanapolenga karatasi. Risasi zake zote zilienda chini, upande wa kushoto, kama anaua panya. Mwenye renji akamwambia dawa ni kununua risasi nyingi zaidi. Bila shaka, ni yeye anayeziuza. Na risasi ni ghali, kasha linakwisha kabla hujajua umekosea nini. Ndipo kanisani wakamwambia kuna mtu wetu anayefundisha bila risasi, sebuleni kwako, na hadai chochote.

Hadai chochote! Alikula. Alikula sombe, yaani kisamvu, na samaki na bugali mpaka nikaanza kupika kwa sufuria ya msiba. Alikula akiendelea kufundisha, tonge mkono mmoja na kidole cha mwingine kikibonyeza hewa. Na akimaliza, alisema, "Mama, chumvi ilipungua kidogo."

Nitasema sasa alichofundisha, kwa sababu mimi sina tabia ya kumwibia mtu haki yake, hata mtu kama huyu.

Alianza na chupa ya dawa ya kusafishia vioo, ile yenye kichwa cha kubonyeza. Aliimwaga dawa, akatia maji, akampa Neema pale kwenye sinki. Tatizo la watu wengi, alisema, ni kwamba kidole kimoja kikibonyeza, vingine vyote vinakaza pamoja nacho, kama unakamua ng'ombe, na mtutu unainama. Kwa hiyo bonyeza chupa kwa kidole kimoja, vingine vishike tu, polepole, mpaka maji yatoke na chupa isicheze. Neema akafanya hivyo nyumbani, akafanya hivyo kazini. Vioo vya wale wazee wake viling'aa mpaka wakaanza kumsifu kwa wana wao wanaowatembelea.

Halafu bastola yenyewe, tupu. Alichora duara dogo la wino kwenye karatasi, akaibandika ukutani. Ulipaswa kulenga duara na kubonyeza kifyatulio taratibu kwa nyama ya kidole, siyo kwa kiungo, ukikivuta moja kwa moja kuja nyuma, hadi usikie "tak," bila kile kinundu cha mbele cha kulengea kuhama kwenye duara. Kisha uweke sarafu ndogo juu ya mtutu na ufanye tena. Sarafu ikianguka, umekosea. Alikuwa pia na penseli. Aliitumbukiza ndani ya mtutu, upande wa kifutio ukitangulia, akasimama karibu sana na karatasi. Alipobonyeza, kile chuma cha ndani kiliisukuma penseli ikaruka na kuacha nukta. Nukta zikikaa pamoja, kidole ni kizuri. Zikitawanyika, rudi kwenye chupa.

"Bazungu bananunua risasi," alisema. "Siye tunanunua penseli."

Na Neema alipokuwa anakwenda tena renji, Mwalimu alimpa risasi bandia za plastiki nyekundu. Alimwagiza amwombe mwenzake amjazie bastola, achanganye za kweli na za bandia, naye asijue ipi inafuata. Ikifika ya bandia hakuna mlio, ila utaona mtutu wako mwenyewe unainama chini, kwa sababu mkono umeogopa mlio kabla haujaja. Neema alirudi siku hiyo akairudia chupa. Alisema aliona aibu. Baada ya wiki kadhaa akaniletea karatasi ya renji, na matundu yalikuwa yamekusanyika mahali pamoja, ungeyafunika kwa kiganja. Hilo nalikubali, niliona kwa macho yangu.

Lakini kujua kitu kimoja hakumfanyi mtu kuwa mtu.

Wanawake wa kanisani waliokuja kujifunza nyumbani kwangu aliwafokea kama makuruta. Mama mmoja mnene, mpole, ambaye mumewe alifia njiani kuja hapa, alitetemeka sarafu ikaanguka. Mwalimu akamwambia, "Mama, weye rudi tu kwa mapishi." Yule mama akacheka kwa adabu. Mimi sikucheka. Nilimwondolea Mwalimu sahani kabla hajamaliza.

Na huyo aliyetufundisha ujasiri aliogopa vitu vyote. Theluji ikianguka kidogo tu, haendeshi, anapiga simu afuatwe na mmoja wa wale wanawake aliowafokea. Mwenye nyumba akigonga mlango wakati wa mafunzo, Mwalimu alikuwa wa kwanza kuingia chooni. Alimwogopa mbwa wa jirani, mbwa mwenyewe kipofu.

Watu walidhani alikuwa askari huko nyumbani. Hakuwahi kusema kwamba alikuwa. Alinyamaza tu mahali ambapo mtu mwingine angesema hapana.

Siku moja nilifuatana nao renji, nikae garini nimlinde mjukuu mdogo aliyelala. Neema akashuka. Mwalimu hakushuka.

"Mwalimu, huingii?"

"Mama, mwalimu akiingia, mwanafunzi anamtegemea mwalimu."

Akafunga vioo, akaweka nyimbo za kwaya kwa sauti ya juu. Lakini milio ya ndani ilipenya hata hivyo, na kila ulipolia mlio, magoti yake yalishtuka. Aliyashika kwa mikono akijifanya ananyoosha mstari wa pasi. Nayajua magoti ya namna hiyo. Ni ya mtu aliyewahi kulala chini ya kitanda akisikiliza viatu vikipita. Yangu pia yalishtuka. Ningemhurumia siku hiyo, kama angeivua ile miwani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Sisi watu wa Kivu tuna desturi katika mikutano ya nyumbani. Mtu akichelewa, hatumwachi akae pembeni kimya apate mabaki. Tunamwanzia upya. Sala inarudiwa, wimbo unarudiwa, hata ushuhuda ulioisha unasimuliwa tena kwa ufupi, ili asijione mgeni. Ndiyo maana ibada zetu hazina mwisho. Ni desturi nzuri kwa ibada.

Jumamosi moja mchana Mwalimu alifundisha vizuri. Mwanzoni, kama kawaida yake wakati ule, aliitoa kwenye bastola yake magazini, kile kidude cha kubebea risasi kinachoingia mpinini, akaonyesha kila mtu kwamba ndani ni tupu, akaipeleka magazini jikoni kwangu, akaiweka kabatini juu ya unga. Risasi na mazoezi havikai chumba kimoja, alisema. Wakabonyeza, sarafu zikaanguka, wakacheka. Wakafunga kwa sala. Mwalimu akaenda jikoni, akarudisha magazini, akaijaza bastola, akaitia kiunoni. Akakaa kula.

Ndipo akaingia Mama Josée, amechelewa kama siku zote, kitambaa kichwani kimekaa upande, akisema basi lilimpita.

"Aa, Mama Josée! Karibu, karibu. Tumemaliza sasa hivi."

"Yo! Nimekosa yote?"

"Hapana, mama. Hukose. Tunakuanzia."

Tukaimba ubeti mmoja. Mtu akaomba. Na Mwalimu, kidole bado kina mafuta ya samaki, akasimama, akaitoa bastola kiunoni, akaielekeza kwenye karatasi ukutani, akasema, "Angalia, mama. Polepole. Kidole peke yake."

Akabonyeza.

Mlio wa bastola ndani ya chumba chenye makochi na mapazia si kama wa kwenye filamu. Ni kofi kwenye ubongo. Sikusikia kitu tena, niliona tu vinywa vikifunguka. Nilikimbilia chumba cha pili, kwa sababu nyuma ya ukuta ule ni chumba cha wajukuu. Hawakuwemo. Walikuwa nje na mpira. Risasi ilikuwa imepita ukutani, ikaingia kwenye godoro, upande wa mto.

Niliporudi sebuleni Mwalimu alikuwa ameshavaa koti. Alikuwa akisema, na masikio yangu yakaanza kuyapata maneno yake kutoka mbali, "Imejifyatua! Mumeona? Imejifyatua yenyewe. Ni kasoro ya kiwanda. Mimi sikugusa." Akatoka. Sahani yake ilibaki na nusu ya samaki. Polisi hawakuja, pale kwetu mlio mmoja wa mchana hauwatoi ofisini. Kabla mwezi haujaisha tukasikia amehamia Columbus, amepata kazi nzuri zaidi.

Na Neema alimwamini. Hilo ndilo ambalo sijalimeza mpaka leo. Mtoto wangu mwenye akili, anayesoma maandishi madogo ya dawa za wazee, aliamini. Bastola yake ilikuwa ya aina ile ile ya Mwalimu. Akairudisha dukani, akaongeza pesa, akachukua ya aina nyingine. Basi, kwake mambo yakaisha. Kasoro imerudi dukani.

Alimfuata hata Columbus kwa mafunzo, na mimi nikaenda, nikisema nataka kununua ndagaa. Ilikuwa upande wa Northland, barabara ya Morse, kwenye duka la Mkenya mmoja aliyekuja kusomea uhasibu na sasa anauza unga na kadi za simu. Mwalimu alifundishia nyuma, kati ya magunia ya mchele. Yule Mkenya kijana mwenye adabu akaniletea kiti, akaniita Shosho, yaani bibi kwao.

"Shosho, kaa hapa. Huyu jamaa ni serious, eh? Si mnajua vile aliokoa watu huko Louisville."

"Aliokoa akina nani?"

"Si ile gun ilikuwa na shida? Akaisikia inataka kulipuka, akai-point kwa ukuta haraka. Ingeua mtu, Shosho. Experience hiyo."

Nikamgeukia Mwalimu. Alikuwa amesimama pale pale, anasikia kila neno, anasafisha miwani.

"Mwalimu," nikasema, "ulijuaje kwamba itajifyatua?"

Hakushtuka hata kidogo. "Mama, mukono inasikia."

Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akapiga makofi. Neema akanifinya. "Mama, tafazali, usiniharibie mwalimu wangu." Nikanunua ndagaa wangu.

Lakini uongo ule haukukaa Columbus. Ulirudi nasi garini. Maana kama bunduki ya Louisville ilikuwa mbovu, basi bunduki nzima haina neno. Na kama haina neno, ya nini kutembea mpaka jikoni na magazini? Hata Mwalimu mwenyewe aliacha. Pale nyuma ya duka niliona magazini zimejazwa, zimelala kwenye gunia lile lile walilokaa. Na Neema akajifunza hilo pia. Jioni anarudi kazini, anaoga, anasimama sebuleni, anaitoa magazini, anaiweka mezani mbele yake, anabonyeza kwenye karatasi ukutani. Ukuta ule ule. Simu ikilia, anairudisha magazini. Simu ikikatika, anaitoa. Wanawake wa kanisani wakaanza kuja kwake, kwa sababu sasa yeye ndiye mwalimu wa Newburg. Na wanachelewa. Na anawaanzia upya.

Nilimwambia. Nilimwambia kwa upole, nilimwambia kwa ukali, nilimwambia mbele ya mchungaji. Jibu moja: "Mama, ile ilikuwa bunduki mubovu. Mwalimu mwenyewe alisema." Nikawahamishia wajukuu chumbani kwangu, tukalala tumebanana. Wakanung'unika kwa Kiingereza kwamba bibi anakoroma. Kukoroma hakuui.

Mwaka jana, majani yalipokuwa yanaanza kuanguka, mtoto wa kaka yangu alioa kule Buffalo. Neema hakupata ruhusa kazini, nikaenda na watu wa kanisa. Kwenye ukumbi, jioni, nikamwona mtu amebeba kreti la soda. Amekonda. Suruali haina mstari. Hana miwani, na macho yake kumbe ni madogo, ya kawaida tu. Watu walimwita Papa, yaani baba tu, hakuna aliyemwita Mwalimu.

"Mama!" akasema. "Mama yangu wa Louisville! Mungu ni mwema. Neema yuko muzima? Kidole yake iko aje?"

"Kaa."

"Niko nahudumia bageni, mama."

"Bageni wamekunywa. Njoo hapa, ukae."

Nilimpeleka kwenye kona ya makoti. Akakaa na kreti magotini. Nilimweleza: meza, magazini, ukuta, wanawake wanaochelewa. Akaanza kutikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Bon, mama, mimi huku niliacha. Sifundishe tena. Donc, basi, ile mambo ni ya zamani."

"Ya zamani kwako. Kwangu ni ya kila jioni. Utampigia simu umwambie ukweli."

"Ukweli gani? Bunduki ilikuwa na—"

"Mwalimu." Nilimwita hivyo makusudi. "Ulikimbia, hukwenda kuangalia. Mimi niliangalia. Tundu lilipita ndani ya lile duara lako. Katikati. Hata wino wa pembeni haukuguswa. Bunduki inayojifyatua yenyewe italijuaje duara?"

Mungu ananiona, kabla ya aibu, kitu kingine kilipita usoni pake.

"Katikati?" akauliza. "Katikati kabisa?"

Alifurahi. Mzee mzima, amekaa kati ya makoti ya watu, anafurahi kwamba risasi iliyoingia kwenye mto wa mjukuu wangu ilipigwa vizuri. Nimewahi kukutana na watu wabaya, watu waliochoma nyumba. Sikuwahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau huyu dakika ile.

"Katikati kabisa," nikasema. "Sasa piga."

Niliitoa simu yangu mwenyewe, nikamtafuta Neema, nikaweka sauti ya nje lakini chini, nikampa. Neema alipomsikia alipiga kelele za furaha. Mwalimu! Yuko wapi siku hizi! Akamwambia risasi zake zinakaa pamoja sasa, karatasi yote tundu moja. Mwalimu akasema vizuri, vizuri sana. Akanitazama. Sikupepesa.

"Neema. Ukifanya mazoezi, magazini inakuwa wapi?"

"Hapo mezani."

"Iko na risasi?"

"Ndiyo, lakini hii bunduki mupya haina shida, Mwalimu."

Alilisukuma kreti chini, chupa zikagongana. Watu kwenye meza ya karibu wakageuka.

"Ile ya kwanza pia haikuwa na shida," akasema. "Nilikuwa nimeshaijaza. Mama Josée aliingia, nikasahau. Ni mimi nilibonyeza, mwanangu. Ni kidole yangu."

Halafu tukasikia kiti kinasogezwa. Tukasikia kitu cha chuma kinaokotwa mezani, mlango unafunguliwa, viatu kwenye ngazi, mlango wa gari. Viatu vikarudi. Neema alikuwa anahema.

"Magazini nimeifungia kwenye gari," akasema. "Na karatasi nitaitoa. Sasa uniambie. Kwa nini hukusema siku ile?"

"Mungeacha kuniita," akasema Mwalimu.

"Watoto wangu walilala pale, Mwalimu, mpaka mama akawahamisha. Miaka yote hii, mimi nikilenga pale. Na baada ya Louisville uliniona Columbus. Uliniona nimeweka magazini kwenye gunia. Ulikula chakula changu unaniangalia."

Meza ya karibu sasa ilikuwa inatazama waziwazi, bibi harusi pia.

Neema akakata. Nilisikia ule mlio mfupi wa simu iliyokatwa, na Mwalimu pia aliusikia.

Akaizima sauti ya nje, akaiweka simu sikioni, akakaa wima. "Ndiyo, mwanangu," akasema, kwa sauti ya kusikika. "Ndiyo. Aksanti. Hapana, usilie. Na weye pia Mungu akubariki. Salimia batoto." Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akasikiliza, akasema tena ndiyo. Watu wa ile meza wakarudi kwenye sahani zao.

Ilikuwa simu yangu, na nilitaka kumpigia binti yangu. Nilikaa pale kati ya makoti, nikamwacha amalize.